Nati Zilizorudishwa

Fundi Dadi Likwata alikuwa na maradhi yasiyo na dawa: hakuweza kujua jambo akanyamaza. Kilwa nzima ilimjua kwa mambo mawili, umeme wa magari na mdomo. Gari likigoma kuwaka, mafundi wengine walibadilisha hiki na kile mpaka wabahatishe. Yeye alisikiliza, akanusa, akagusa, kisha akautangaza ugonjwa kwa sauti ya mnadi, wasikie hata wasiohusika. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yake, wala simwonei nikisema aliipenda kuliko chakula.

Basi mwaka wa sabini na nne, Jumatano moja ya mwezi Septemba, walimfuata karakana ya wilaya kwa gari dogo, wakampeleka kitongoji kimoja nyuma ya Njinjo. Huko operesheni ya kuwahamishia watu vijijini ilikuwa imekwama. Lori la kuwabeba lilifika Jumanne jioni likiwa zima. Asubuhi likakataa kuwaka. Kaya kumi na moja zilikuwa zimekaa chini na vitanda vya kamba, vinu na kuku waliofungwa miguu, zikisubiri kupelekwa Kikole. Nyumba zao nazo zilisubiri kiberiti, ili mtu asipate pa kurudi.

Dadi alikijua kitongoji kile, maana dada yake Kidawa aliolewa pale na kufiwa na mume palepale. Mama yao alipokufa, Kidawa ndiye aliyemlea Dadi. Dadi alipokuwa akijifunza ufundi, ndiye aliyemshikia taa kila jioni uani, huku mdogo mtu akifungua mashine mbovu na kumweleza kila waya kazi yake. Kusoma Kidawa hakujua, ila kusikiliza alijua sana.

Naye hakukataa kuhama. Mwanawe wa pekee, Siti, alifariki kwa uzazi, akazikwa kando ya mikorosho nyuma ya nyumba, na arobaini yake ilikuwa Ijumaa. Kidawa aliomba siku mbili tu, asomewe mwanawe hitima, watu wale wali, amuage. Ndugu Klementi, msimamizi wa operesheni, alimjibu mbele ya wote: "Mama, Serikali haina arobaini. Marehemu wako hahami, wewe ndiye unayehama." Akacheka, na mgambo wakacheka kwa kuwa mkubwa amecheka.

"Shikamoo, dada," Dadi alisema aliposhuka garini.

"Marahaba, baba. Umekuja wewe." Mgambo mmoja alikuwa amesimama karibu, bunduki begani. Kidawa akajikaza. "Dadi, magari mengine yakifa yamekufa, sivyo? Hata fundi awe nani, husema kifaa kisubiriwe kutoka Dar es Salaam. Siku mbili, tatu."

"Mengine, dada. Si mbele yangu mimi."

"Hata hili?"

"Nipe nusu saa tu uone."

Kidawa alimtazama kwa muda mrefu. Mtu mwenye akili zake angejiuliza macho yale yanasema nini. Dadi alikuwa ameshafungua boneti.

Alimwambia dereva, Huseni, apige honi. Honi ikalia vizuri. Taa za mbele nazo ziliwaka kali, kwa hiyo betri ilikuwa na nguvu. Huseni alipojaribu kuwasha, stata ilitoa mlio mmoja wa kukwama, basi, na taa wala hazikufifia. Dadi akatabasamu. Akaigusa kebo ya choki, waya mwembamba unaoingia kwenye injini, akautoa mkono haraka, kwa kuwa ilikuwa ya moto na ilianza kunuka. Umeme ukishaingia kwenye injini lazima upate njia ya kurudi kwenye betri. Ukikosa njia yake nene, hulazimisha kupita kwenye vikebo vyembamba, navyo huungua. Akajilaza mchangani, akaingia chini ya lori.

"Nimekupata!" alipiga kelele kutoka chini huko. "Waya wa ardhi haupo! Ule utepe wa shaba iliyosukwa, unaofunga injini na chasisi. Betri nzima, stata nzima, humu hakuna kilichokufa!"

"Umekatika?" aliuliza Ndugu Klementi.

Neno moja lingetosha. Umekatika kwa mtikisiko, mkubwa, na stata nayo imeungua, tuagize nyingine Dar es Salaam. Nani angembishia? Lakini Dadi akubali kudhaniwa hajui!

"Ukatike wapi! Ukikatika huacha vipande. Huu umefunguliwa kwa spana. Wala si mwizi wa shaba, mwizi angeukata kwa panga akaenda zake. Huyu amezirudisha nati mbili mahali pake, kwa mkono, zisipotee. Hiyo ni kazi ya mtu aliyefundishwa na fundi wa kweli. Mimi mwenyewe ndivyo ninavyo..."

Akanyamaza. Alinyamaza akiwa amechelewa, kifudifudi chini ya lori, mchanga mdomoni. Aliikumbuka taa ya uani, na sauti yake mwenyewe ikisema: dada, nati ukishaifungua irudishe pake.

"Ndivyo unavyofundisha," Klementi alimalizia. "Toka huko. Umemfundisha nani?"

"Wengi, mkubwa. Siwakumbuki."

"Wa hapa je?"

"Hapa sina mwanafunzi."

"Basi ni wewe. Umekula njama na watu hawa. Hujuma hiyo, fundi, miaka kumi na nne. Mfungeni."

Mgambo wakamshika mikono. Dadi hakumtaja mtu. Hadi leo huapa kwamba hakumtaja, na ni kweli, ulimi wake haukutaja. Ila alipoisikia kamba kwenye vifundo vya mikono yake, hofu ikamvaa, akainua macho, na macho yakaenda moja kwa moja kwa Kidawa. Klementi akayafuata. Watu wote wakayafuata.

Kidawa hakungoja kukamatwa. Alifungua pindo la kanga, akautoa utepe wa shaba. Alikuwa ameufungua alfajiri, mgambo wakinywa uji aliowapikia yeye.

"Mwacheni, hana kosa," alisema. "Chukua, Dadi. Nati hazijapotea, nilizirudisha kama ulivyonifundisha."

Wakamfunga yeye kwa kamba ileile, wakampandisha nyuma ya lori juu ya magunia. Huyu hatashuka Kikole, Klementi alisema, huyu anaenda polisi. "Na wewe fundi, funga unachokifunga, twende."

Na Dadi akaufunga. Mngetaka niseme alikataa, alitupa spana porini? Alisugua ncha za utepe kwa msasa mpaka zikang'aa, akazibana nati mbili zilizolegea, akazikaza sana zisije zikafunguka tena. Nyuma ya nyumba ya dada yake mgambo alishapiga kiberiti, na makuti yalikuwa yanalia. Moshi ulielekea kwenye mikorosho, kwa Siti.

"Washa!" Dadi aliita.

Lori likanguruma mara moja, safi, bila kusitasita. Huseni akatoa kichwa dirishani, "Fundi una mkono wewe!", na Dadi, Mungu amsamehe, akatabasamu. Ni mazoea tu, lilimtoka kabla hajakumbuka alipo.

Alipogeuka kumtafuta dada yake, Kidawa alikuwa akimtazama kutoka juu ya magunia. Alikuwa ameliona tabasamu lile. Akageuza uso upande wa moshi, na lori likaondoka.