Kompyuta Iliyoitwa Kwenye Sengu

Kilian hakuwa mtu mbaya. Alichotaka ni kuondoka tu. Ofisi moja ya Dodoma ilikuwa tayari kumpa kazi, ila kwanza ione tovuti aliyoitengeneza kwa mkono wake na inayotumiwa na watu. Ndiyo maana alijitolea kuitengeneza upya tovuti ya chama cha wakulima wa kahawa kule kwao, milimani Mbinga. Aliipamba kama bibi harusi. Ukiifungua, ukungu unapanda mlimani, kahawa inaiva mbele ya macho yako, halafu bei ya siku inaingia ikizunguka.

Iligoma kwenye kompyuta moja, ya shangazi yake Gertruda, aliyeolewa chini ziwani, Lipingo, ingawa shamba lake la kahawa liko juu mpaka leo. Kompyuta aliachiwa na masista waliohama. Kivinjari chake, yaani ile programu ya kufungulia tovuti, kilikuwa cha zamani mno, hata waliokitengeneza walishakisahau. Kilipofungua tovuti mpya kilionyesha weupe mtupu.

"Tukiache," Kilian aliwaambia viongozi wa chama. "Nikitaka kukiridhisha, itabidi nivue mapambo yote."

Mwenyekiti, Mzee Raimundi, kaka mkubwa wa baba yake, alikuna kidevu. "Kwa hiyo unamshtaki."

"Simshtaki mtu, Baba mkubwa. Ni kivinjari."

"Unataka atolewe chamani. Hapa hatumtoi mwenzetu bila kumsikiliza. Aletwe sengu."

Sengu ni kikao cha ukoo wa Kimatengo. Watu hula pamoja kwanza, ndipo wanasemezana. Kilian alicheka akidhani anataniwa. Wala. Kompyuta ilipanda basi kutoka Lipingo ikiwa imekaa kwenye kiti chake dirishani, kwa sababu shangazi alikataa katakata isiwekwe kwenye buti pamoja na usipa, dagaa wa ziwani. Ilipofika iliambiwa pole na safari, ikakalishwa mkekani na kuwekewa sahani ya ugali na maharage. Watu wakala. Sahani ya kompyuta haikuguswa, na hakuna aliyeshangaa.

Watu walipokwisha kunawa, Kilian alisimama na takwimu zake. "Mwezi mzima tovuti ya zamani imefunguliwa na vivinjari viwili tu. Kimoja changu, cha pili hiki hapa. Sasa wazee wangu, tuwanyime watu wote uzuri kwa ajili ya mtu mmoja?"

"Watu wote wako wapi?" Raimundi aliuliza.

Kilian aliangaza macho. Kila aliyeketi pale alikuwa na kitochi, simu isiyojua tovuti ni nini.

"Mimi nampigia Gertruda," alisema mzee mmoja. "Ananisomea bei."

"Hata mimi," wakasema wengine, mmoja baada ya mwingine, mkeka mzima. Chama chote kilikuwa kikiingia kwenye tovuti kwa mlango ule mmoja, na Kilian ndiye aliyekuja kuufunga. Masikio yalimwaka moto. Aliona aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu atamani kurudi kwenye ugali.

Kompyuta ikabaki mwanachama. Laiti yangeishia hapo.

"Unaijua desturi ya ukoo wetu," alisema Raimundi. "Ukimshtaki mwenzako ukashindwa, unamchukua. Unakaa naye, unakula naye, mpaka aseme mwenyewe kwamba yametosha."

"Baba mkubwa, hii ni kompyuta. Itasemaje?"

"Basi utasubiri," shangazi Gertruda alidakia. "Na mimi nitahamia kwako. Nani atawasomea watu bei?"

Kumkaidi Raimundi mbele ya sengu ni kujitoa kwenye ukoo, na Kilian hakuwa na ukoo wa akiba. Akaichukua. Akauondoa ukungu kwenye tovuti, akaziondoa kahawa, akafuta kila kilichozunguka, yakabaki maandishi meusi kwenye weupe. Tovuti aliituma Dodoma hivyo hivyo, huku roho ikimuuma, akijua kazi imeota mbawa.

Simu ilimkuta mezani, yuko katikati ya shangazi na kompyuta, kila mmoja na sahani yake.

"Hongera," ilisema sauti ya Dodoma. "Tovuti za wenzako zote ziligoma kwenye kompyuta ya mkurugenzi. Yako peke yake ndiyo iliyofunguka. Jumatatu uanze kazi."

Furaha ilimpanda mpaka kooni, akainuka nusu. Shangazi akaacha kutafuna. Kilian akarudi kukaa taratibu.

"Nashukuru sana, ndugu yangu. Ila siwezi kuondoka bila ruhusa ya mzee mmoja hapa nyumbani."

"Si umuulize?"

"Nimemuuliza," alisema Kilian, macho kwenye skrini. "Hajanijibu."