Mihindi Yaenda Kukaguliwa

Asubuhi ya ukaguzi Mama Kicheko aliamka, akawasha jiko, akachungulia dirishani na kukuta shamba lake tupu. Mihindi ilikuwa imeshaondoka. Ulibaki mmoja tu karibu na choo, ambao mchwa walikuwa wameuguguna mizizi na haukuweza kutembea. Akasonya, akanywa chai amesimama, akachukua jembe na kuifuata.

Jambo hili lilianza kwa ustaarabu. Mwenyekiti wa kijiji, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa na eneo kubwa asilolilima. Serikali ilipotangaza ruzuku ya mahindi, alipita nyumba kwa nyumba akiazima mihindi, kama mtu anavyoazima viti vya harusi. Nani angemnyima? Msimu ule wa kwanza watu waliisindikiza wenyewe. Siku hizi inajua njia. Hutoka alfajiri, husimama kwa mistari kwenye eneo la mwenyekiti, hukaguliwa, na alasiri hurudi kwao ikiwa na vumbi hadi kwenye mbelewele. Ruzuku hubaki kwa mwenyekiti.

Mwaka huu Mama Kicheko alikuwa amechoshwa. Mihindi yake ilikuwa ya njano kwa kukosa mbolea, na safari ile iliikondesha zaidi. Bila ruzuku hakuna mbolea, na bila mbolea, mihindi ya msimu ujao isingefika hata barabarani. Aliipenda mihindi yake, na roho ilimuuma.

Aliikuta kwa mwenyekiti, imebanana na ya wifi yake, ambayo ilikuwa imenawiri na kuchukua nafasi bila haya. Bwana shamba alikuwa anavuta futi kamba katikati ya mistari, miwani imemteremkia puani.

"Bwana shamba, hii ni yangu."

"Najua, mama. Hata mwaka jana niliitambua. Hujambo lakini?"

"Sijambo. Basi niandike mimi."

Bwana shamba alimwonea huruma na hakuificha. Akamweleza kwa upole kwamba ruzuku hulipwa mahali mihindi iliposimama, si mahali ilikotoka. Shambani kwake alishapita, akaukuta ule mmoja wa chooni, akauandika. Angelipwa kwa ajili ya huo. Mama Kicheko akauliza malipo yake yangetosha kununua nini. Bwana shamba akafikiri sana, akasema kiberiti. Mama Kicheko akacheka mpaka mihindi ya wifi yake ikageuka kumtazama.

Kwa kuwa alikuwa na jembe mkononi na kazi haijali ni kwa nani, akaanza kuipalilia mihindi yake palepale iliposimama. Mwenyekiti, ambaye hajawahi kuwa mchoyo wa maji, akamletea kikombe na kumsifu kwa bidii yake.

Alasiri bwana shamba akakunja kamba yake. Mihindi ikang'oka taratibu, ikajikung'uta udongo na kushika njia, ile ya njano nyuma kabisa. Mama Kicheko akapunguza mwendo ili isiachwe. Mwenyekiti akawasindikiza mpaka barabarani, akiishukuru safu kwa safu.

"Shemeji," akamwita, "mwakani na maharage nayo yaje. Wametangaza ruzuku ya maharage."

"Maharage yangu hayatembei, shemeji. Yanatambaa tu."

Mwenyekiti akalitafakari hilo kwa moyo mweupe.

"Basi yatangulie siku moja."

Mama Kicheko akasema atayaambia.