Mstari wa Tano

Jumatatu saa nne asubuhi, Fortunata alikuwa anasugua vumbi kwenye kibodi kwa mswaki uliochakaa wakati Rogers, fundi wa kompyuta, alipoingia na programu mpya ya kurekodia ndani ya fleshi. Studio ya Fortunata ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo, karibu na stendi ya Same. Kuta zilibandikwa trei za mayai. Basi likipiga honi, kwaya ilinyamaza mpaka lipite.

Programu aliyokuwa akiitumia ilikuwa na umri wa miaka kumi na sita, na hata walioitengeneza walishaacha kuijibia maswali. Rogers alimweleza, si kwa mara ya kwanza, kwamba toleo jipya linafuta makelele lenyewe na kumnyoosha kila anayepotea sauti. Redio ilikuwa imezirudisha kazi zake tatu kwa sababu ya mvumo. Kwaya mbili zilikuwa zimemkimbia, zinarekodi Moshi. Tatizo lilikuwa moja: mashine yenyewe ilikuwa ndogo, haikuweza kubeba programu zote mbili. Ya zamani ingebidi ifutwe.

Fortunata alimwomba asubiri mpaka Ijumaa, kwani Jumatano alikuwa na kwaya ya Mhezi.

Jumatano wakashuka kutoka milimani na gari la Chome, watu kumi na tisa, na joto la Same likawavua masweta wakiwa bado mlangoni. Mwalimu wao, mzee Sadock, aliitikia shikamoo ya Fortunata na kukagua kila kipaza sauti kama anayekagua mahindi sokoni. Vilikuwa vinne, kimoja kwa kila kundi la sauti. Wakaanza kuimba.

Kwenye kioo cha kompyuta mistari minne ikacheza, mmoja kwa kila kipaza sauti. Wa tano nao ukacheza. Fortunata aliinama chini ya meza kutazama waya wake, akaona hauna waya. Akaupunguza kidogo, kwa kuwa ulikuwa na nguvu kuliko mingine, halafu akausikiliza peke yake. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nzito na ya chini.

Wimbo ulipokwisha alimwita Beatha, kiongozi wa sauti ya pili, akampa visikilizio. Beatha alisikiliza, mkono kifuani.

"Ni dada yangu Asteria," alisema. "Sisi tulimzika mwaka juzi. Hako kakikohozi kabla ya kuanza ni kake."

Mwalimu Sadock naye akasikiliza.

"Bado anachelewa kuingia," alisema, akaagiza wimbo urudiwe kuanzia kwenye kiitikio.

Wakarudia, na safari hii Asteria akaingia pamoja na wenzake. Beti zilikuwa mbili. Kwaya ikamaliza ya pili, ikafunga vinywa. Mstari wa tano uliendelea:

*Wimbo huu niliupata jikoni,
maharage yakichemka, mtoto mgongoni,
nikaupuliza pamoja na moto,
ukawaka kabla ya kuni.*

Hakuna aliyekuwa anaujua ubeti huo. Beatha akamweleza Fortunata, bila kupandisha sauti, kwamba nyimbo zote kumi na moja za kwaya hiyo alizitunga Asteria. Kwa kuwa dada yake hakujua kuandika noti, alimwimbia Mwalimu, Mwalimu akaandika, na juu ya kila karatasi akaweka jina lake mwenyewe. Mhezi nzima ilijua. Beatha aliyasema hayo huku Mwalimu amesimama palepale. Mwalimu alijibu kwamba anayeandika ndiye mtunzi, kisha akauliza choo kiko wapi.

Ijumaa Rogers alikuja. Fortunata alimwomba kwanza aufungue ule wimbo kwenye laptopu yake, kwa programu mpya. Ulifunguka haraka. Kwenye kioo yakatoka maneno kwamba mstari mmoja mtupu umeondolewa. Mistari minne iliyobaki ilisikika safi, kila noti mahali pake. Pumzi za besi zilikuwa zimeondoka, mvumo umeondoka, Asteria ameondoka.

"Imesafisha mpaka mtu ametoka," Fortunata alisema.

Rogers akavaa visikilizio vya mashine ya zamani na kusikiliza mpaka mwisho wa ubeti wa tatu. Hakubisha kwamba yule alikuwa mtu. Alichosema ni kwamba redio haitaupokea hivyo, na kwamba mwakani huenda kusiwe na kwaya hata moja ya kumrekodia. Fortunata aliliwazia hilo muda mrefu. Miaka kumi na moja alikuwa ameijenga studio hiyo trei kwa trei.

"Chukua fleshi yako, kaka," alisema hatimaye. "Hii inabaki ilivyo."

Rogers alipuliza vumbi kwenye feni ya ile mashine, akaaga.

Jumapili ya mavuno Fortunata aliipakata mashine, imefungwa kitenge, akapanda nayo mpaka Mhezi, akaiunganisha na spika za kanisa. Kwaya ikaimba, na Asteria kutoka kwenye mstari wa tano akaimba nayo. Ulipofika ubeti wa jikoni wanawake walisimama wote kwa pamoja. Ubeti ulirudiwa tena na tena; walioudakia mara ya kwanza walikuwa wachache. Mara ya nne hata wapishi walikuwa wameingia, miko mikononi, na mabati yanatetemeka. Mchungaji aliyaweka mahubiri yake mfukoni. Fortunata, ambaye miaka yote alikuwa mtu wa kusikiliza wengine, alijikuta anaimba kwa sauti yote, akipotea hapa na pale, na hakuna aliyemnyoosha.

Wiki hiyohiyo zile kwaya mbili zilirudi kutoka Moshi. Ya Ndungu, iliyokuwa imepungukiwa besi tangu mwimbaji wao Tomaso afariki, ilimpata kwenye mstari wa sita, mzima wa sauti. Daftari la zamu likajaa mpaka Pasaka. Redio ikatuma mtu kuuomba wimbo wa Mhezi, pamoja na mvumo wake.

Mwalimu Sadock alikwenda kwenye ofisi ya hati za watunzi kuongeza ubeti wa tatu. Karani alimuuliza kuhusu mtoto mgongoni. Mwalimu akajibu kwamba hiyo ni lugha ya kishairi, na karani akapiga muhuri. Beatha alipofuatilia, aliambiwa kwa heshima kwamba madai hayo lazima Asteria ayalete mwenyewe, na kitambulisho.

Alhamisi mchana wimbo ukapigwa redioni. Mtangazaji akamtaja mtunzi, Mwalimu Sadock wa Mhezi. Kisha Asteria akaanza kuimba, na Fortunata akafungua madirisha yote mawili, akaongeza sauti.