Sekunde za Geita na Sekunde za Shinyanga

Mwalimu Mbuke wa Didia, Shinyanga, mwenye vali ya bandia moyoni, alifika Kalangalala, mjini Geita, kumwangalia dada yake aliyejifungua. Akaona apime damu hapohapo Geita, maana dawa yake ya kuzuia damu kuganda haitaki uzembe: ikipungua, damu inaganda kwenye vali, ikizidi, mtu anavuja damu ndani kwa ndani.

Shinyanga damu yake huganda kwa sekunde ishirini na mbili. Geita wakamwambia thelathini.

Alitoka maabara na hofu ya kuvuja damu. Akaingia duka la Mama Hiral, jirani wa dada yake, kuomba maji, ameshaazimia kutomeza kidonge jioni ile.

Mama Hiral alimpa maji, kisha akazima redio, akatega sikio.

"Mwalimu, kifua chako kinalia tik, tik. Na changu kinalia. Sikiliza."

Mbuke akasikia. Hakuwahi kukutana na mwenzake mwenye vali kama yake hata siku moja. Machozi yakamlenga, akamweleza yote.

"Usiache kidonge! Ngoja kwanza."

Mama Hiral akatoa kijimashine cha kupimia kuganda kwa damu alichotumiwa na kaka yake aliyeko Uingereza. Akamchoma kidole kwa sindano mpya, akadondosha tone kwenye kipande cha kupimia. Punde ikatokea namba: 2.9.

"Daktari wako anataka ngapi?"

"Kwenye kadi ameandika kati ya mbili na nusu na tatu na nusu, sikuwahi kujua ni za nini."

"Basi uko sawa kabisa."

"Na zile thelathini?"

"Kila maabara ina dawa yake ya kugandishia damu, na ukali wake si mmoja. Kwa hiyo mashine inagawa sekunde zako kwa sekunde za watu wasiomeza vidonge hivi, kisha inapandisha jibu kwa kipeo cha ile dawa. Namba zote mbili zimo kwenye hii chipu, inakuja na kila kasha la vipande."

"Kipeo?" Mbuke alifundisha hisabati, moyo ukamruka kwa jambo jingine kabisa.

Jioni alimeza kidonge. Asubuhi wakaenda pamoja kwa Daktari Thobias wa hospitali ya pale Geita, naye akafurahia swali la zile sekunde. Akauliza maabara yake, akapiga simu Shinyanga. Geita: sekunde za kawaida kumi na mbili, kipeo moja nukta mbili. Shinyanga: kumi na tatu, kipeo mbili.

Mbuke akaomba kalamu. Thelathini gawa kwa kumi na mbili, mbili na nusu. Ikipanda kwa kipeo chake, tatu kamili. Ishirini na mbili gawa kwa kumi na tatu, ikipanda kwa kipeo chake, karibu mbili nukta tisa.

"Damu ni ileile!" akacheka kwa sauti mpaka wagonjwa barazani wakageuka.

Daktari hakubadili dozi. Mbuke aliendelea kuitazama ile karatasi. Kuna watu mahali fulani, wasiomjua yeye wala Didia, walikaa wakafikiria jinsi mgonjwa atakavyohama mji bila kupotea kwenye sekunde.

"Mama Hiral," akasema walipotoka, "kesho nikija dukani utanionyesha tena ile chipu? Taratibu, nataka niwafundishe darasa la saba."