Mkono Unaokula Nyuzi

Nyuzi za chuma za gitaa hazifi kwa siku moja. Kwanza hupotea ule mlio wa kung'ara, ule unaomfanya hata mtu anayepita nje ya kanisa ageuze kichwa. Kisha huja madoa meusi pale vidole vinapokandamiza, na uzi wa kwanza, ule mwembamba, ukiupitishia kidole unakwaruza. Baadaye gitaa halikai sawa. Unaliweka sauti, mnaimba wimbo mmoja, limeshateremka. Mwisho uzi unakatika, na mara nyingi ni Jumapili ile mliyopata wageni.

Kwa Mwalimu Isaka, Mnamwanga aliyeanzisha kwaya yetu huku bondeni Momba, mambo hayo yote yalichukua kutoka Pasaka mpaka karibu na Krismasi. Kwa Masumbuko, aliyepiga solo, yalichukua Jumapili mbili. Ya tatu alikuwa anapiga waya wa uzio.

Mwanzoni lilikuwa jambo la utani. Kwaya nzima ilimwita Kutu. Mkewe, Happy, aliongoza sauti ya kwanza na ulimi wake haukuwa na breki. "Chekeni tu," aliwaambia. "Mimi ndiye ninayelala naye, mbona sijaota kutu?" Masumbuko mwenyewe alitabasamu, akafuta viganja kwenye suruali. Viganja vyake vilikuwa na maji muda wote, hata asubuhi ya Julai wakati wengine wamejikunyata.

Kisha ndama wakaanza kufa kwa mzee Bugalama.

Bugalama ndiye mwenye ng'ombe wengi kuliko sisi sote, mzee wa kanisa, na katika mambo ya ulinzi wa kitongoji neno lake ndilo la mwisho. Masumbuko ndiye aliyekuwa akimshikia ndama wakati wa kuwapulizia dawa ya kupe. Alifanya hivyo kwa zizi la kila mtu, bila makuu, kwa sababu ana mikono yenye nguvu na hana midomo mingi. Bibi shamba alipofika alisema ni ndigana, homa inayoletwa na kupe, akawaonyesha kupe wenyewe, akasema dawa imechanganywa na maji mengi mno. Bugalama alimsikiliza kwa adabu zote. Alipoondoka, Bugalama alisema kupe walikuwepo tangu enzi za babu yake, ila mkono unaokula chuma ameuona mwaka huu.

Watu bwana. Mtu akishaamua kukuogopa, hata wema wako unageuka ushahidi. Wiki ile ile wanawake wakaanza kumwekea Masumbuko kikombe chini, ajiokotee, badala ya kumpa mkononi. Salamu zikafupishwa. "Mwangaluka," anasema yeye, na mtu anamjibu huku anaangalia ng'ombe wake. Jina la Kutu likaachwa kabisa, na hapo ndipo Happy alipoogopa. Utani ukikoma huku kwetu, kinachofuata si kizuri.

Alijua kinachofuata. Kitongoji cha pili, bibi mmoja alitengwa. Mtu akitengwa hasalimiwi, haazimwi moto, hachoti maji kisima kimoja na wenzake, na akiita hamna kumwitikia; anayemwitikia anatengwa naye. Bibi yule alikaa hivyo msimu mmoja. Siku watu wasiojulikana walipomwendea na mapanga alipiga kelele, majirani wakasikia vizuri sana, na sheria ilikuwa ni ile ile.

Kikao kilifanyika kanisani, Jumamosi baada ya mazoezi. Mchungaji wetu anakaa huko juu na hushuka mara moja kwa mwezi, kwa hiyo hakuwepo. Bugalama alizungumza bila kupandisha sauti. Alisema yeye hamwiti mtu mchawi. Alisema tu kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Mwalimu Isaka alisimama kumtetea kijana wake. Alimfundisha Masumbuko gitaa tangu hajaota ndevu, na alimpenda kama mtoto wa kumzaa. Alisema kwa utulivu, kama anavyofundisha sauti ya nne: "Wazee wangu, jasho la watu halifanani. La mwingine lina chumvi kali, linakula nyuzi upesi. Nimewaona wapigaji wa hivyo Mlowo, nimewaona Tunduma. Huo ni mwili tu."

Bugalama alitikisa kichwa taratibu. "Asante, Mwalimu. Kwa hiyo unakubali jasho lake linakula chuma."

"Ndiyo, lakini—"

"Na ndama je? Ndama ana ngozi tu."

  Happy aliona maneno yale yale ya kumwokoa mumewe yamemmaliza, na Mwalimu wa watu bado amesimama.

Ndipo Bugalama akatoa shauri lake. Nyuzi mpya, za aina moja, zifungwe kwenye magitaa mawili ya kanisa. Moja apige Masumbuko, lingine apige mtu ambaye mkono wake unajulikana. Yatundikwe humo humo kanisani, mwezi upite, watu waangalie. "Chuma hakina undugu na mtu," alisema.

"Hilo lingine nitapiga mimi," alisema Isaka.

Happy ndiye aliyetumwa kununua, maana alikuwa anapanda Tunduma na magunia yake ya mchele, na duka la nyuzi alilijua yeye. Sisi wafugaji, uzi kwetu ni uzi.

Duka hilo ni la Zakia, mwanamke wa Tanga, liko barabara ya kwenda mpakani, mbele yake malori yamesimama mkia usioisha. Happy alimweleza jambo la mkono wa mumewe, nusu tu, ile nusu isiyotia aibu. Zakia hata hakushangaa.

"Ninao wateja wa hivyo, dada. Wale wa makwaya ya Nakonde wakija hapa wanachukua hizi." Akateremsha pakiti. "Zimevikwa utando, mwembamba hata huuoni. Jasho halifiki kwenye chuma upesi. Za kawaida zikifa, hizi bado zinaimba."

"Ukiziangalia zinafanana na zile nyingine?"

Zakia alimtazama kidogo. "Kwa macho zinafanana. Kwa kidole, mpigaji atajua. Hizi zinateleza."

Happy alinunua seti moja ya kila aina. Kwenye gari la kurudi alizitoa kwenye pakiti zake, akazikunja ndani ya karatasi za gazeti, mbili zilizofanana, ile yenye nyuzi za utando akaifunga kwa uzi mwekundu. Pakiti akazitupa dirishani kabla ya Mlowo. Hakuona kama anamdhulumu mtu. Nyuzi za Mwalimu Isaka hudumu. Hazijawahi kufa kabla ya wakati wake. Mwezi ukipita yatakuwa magitaa mawili mazima, na mumewe atasalimiwa.

Jumapili ile nyuzi zilifungwa mbele ya watu wote; Happy alimpa mumewe ile karatasi yenye uzi mwekundu. Masumbuko alipokaza uzi wa kwanza na kuupitisha kidole, mkono ulisimama. Akainua uso, akamtazama mkewe kwenye benchi la sauti ya kwanza. Kisha akainama, akaendelea kukaza.

Nyumbani hawakulizungumza.

Kitu ambacho Happy hakukifikiria ni sikio la Mwalimu Isaka. Sikio la kushoto lilikuwa limezeeka, na kwa miaka mingi Masumbuko ndiye aliyemwekea sauti gitaa lake kabla ya kila mazoezi. Ilikuwa desturi, kama kufagia kanisa. Na nyuzi mpya hujivuta. Kila siku zinataka kukazwa upya. Masumbuko alilipakata gitaa la mzee, akakaza, akajaribu kwa ubeti mzima, akakaza tena, jasho linamtiririka mpaka kwenye kiwiko, maana ilikuwa Oktoba na bondeni kwetu Oktoba hata mbwa hawabweki. Kisha akamkabidhi. Walinzi wa Bugalama walikaa pale pale wakiangalia nani anapiga gitaa lipi. Sheria ilisema kupiga. Kuweka sauti hakuna aliyekuhesabu kuwa ni kupiga.

Happy aliligundua jambo hilo wiki ya pili. Alimngoja mumewe jikoni.

"Acha kushika gitaa la Mwalimu."

"Nikiacha wataniuliza kwa nini nimeacha," alisema Masumbuko.

"Mwambie unajisikia vibaya, mwambie chochote. Nyuzi zake ni za kawaida zile."

"Najua ni za kawaida." Alikuwa anaosha mikono, anaosha na kuosha. "Mke wangu, wananiangalia. Nikibadilisha hata namna ya kukaa, wanaona."

Happy alijua ni kweli. Aliogopa sana siku ile. Usiku aliomba, lakini hata katika maombi hakupata namna ya kulitamka jambo lenyewe bila kujisikia mwongo, akaishia kuombea mvua.

Ndama waliendelea kufa. Watatu zaidi kwa Bugalama, mmoja kwa jirani yake. Mwezi ulipotimia, kanisa lilijaa mpaka madirishani, na wengi wao huwa hatuwaoni hata Ijumaa Kuu.

Magitaa yalishushwa baada ya ibada, yakalazwa juu ya meza ya sadaka. Bugalama hakuyagusa. Alimwita Isaka.

"Mwalimu, wewe ndiye mjuzi. Sema."

Mzee alianza na lake. Hakukuwa na haja ya mjuzi. Madoa yalionekana hata kutoka benchi la tatu, na alipoupitisha kidole uzi wa kwanza ulitoa sauti ya kukwaruza. Watu wakashusha pumzi. Kisha akachukua gitaa la Masumbuko. Nyuzi zilikuwa zinang'aa. Akapitisha kidole mara moja, polepole, kutoka juu mpaka chini, na kikateleza. Happy aliliona lile tabasamu dogo la mtu aliyefahamu, likaja likaondoka.

Mzee akamtafuta kwa macho mpaka akampata.

"Mama Ngassa," alimwita, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. "Nyuzi hizi zilitoka duka moja?"

"Duka moja, Mwalimu."

"Aina moja?"

Masumbuko alikuwa anaangalia sakafu. Kanisa zima lilikuwa linamwangalia Happy.

"Aina moja," alisema.

Isaka alikaa na gitaa lile mikononi. Alikuwa mjane, watoto wake wote wako mjini, nyumba yake iko peke yake kule mwisho wa mashamba ya ufuta. Neno moja lilimtosha kujitoa. Hakulisema. Aliliweka gitaa chini kwa uangalifu, akasema, "Basi. Za kwangu zimekufa."

"Na huyu ndiye anakujaga kuchukua maziwa zizini kwangu kila asubuhi," alisema Bugalama akimtazama Isaka, kana kwamba anajikumbusha mwenyewe. Kisha akasimama, akamfuata Masumbuko, akampa mkono mbele ya watu wote. "Tulikukosea, kijana. Kuanzia sasa, huyu mzee hatumjui. Asiyesikia shauri lake."

Tangu kwaya ianze, Mwalimu Isaka husimama mlangoni ibada ikiisha, akampa mkono kila mwimbaji anapotoka. Alisimama na siku ile, sijui kwa mazoea au kwa makusudi. Mkono ulikuwa umenyooshwa. Wakapita besi, wakapita sauti ya tatu, wote macho mbele. Masumbuko alipofika alilikumbatia gitaa kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyebeba kuni, akapita.

Happy alikuwa nyuma yake. Nyuma ya Happy alikuwa Bugalama.

Mwalimu Isaka alikuwa ameshusha mkono wake ubavuni. Alisema kwa sauti ya chini, midomo haichezi, kama wanavyosemezana waimbaji katikati ya wimbo.

"Hata hizo zitakufa, mwanangu. Zinachelewa tu. Usingoje madoa. Siku utakayosikia mlio umeanza kulala, zibadilishe siku hiyo hiyo, na mtu asione."

Akangoja kidogo. "Umenisikia, Happy?"

Happy alikuwa amemsikia. Alitazama mgongo wa mumewe uani, akapiga hatua, akatoka nje bila kumwitikia.