Gari la Kumrudishia Umi Nyumbani

Umi alipokwenda kujifungulia kwao Ndagoni, kama ada ya mzaliwa wa kwanza inavyotaka, mumewe Mudrik aliapa kwamba siku arobaini ni chache. Siku ya nne akaanza kulala na mto wa mkewe. Ya tisa akaacha kupika, maana wali wa mtu mmoja humshinda hata mpishi hodari. Nyumba ya Kilindoni ikawa kubwa ghafla. Kila Ijumaa alikwenda kuwaona mama na mwana, akaketishwa kama mgeni wa heshima, akapakatishwa binti yake Biubwa kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, kisha mkwewe, Bi Mize, akamchukua mtoto akaingia naye ndani. Mudrik akarudi na njia.

Mtu mwenye hamu hana budi kuitafutia mikono yake kazi. Mudrik alikuwa na kigari cheupe cha teksi, cha miaka mingi, injini ndogo, kilichobeba wageni kutoka uwanja wa ndege hadi hoteli za Utende. Akajiambia kwamba siku ya arobaini hatamrudisha mkewe kwa mkokoteni ule. Akaenda kwa mzee Aliraza, mwenye duka la spea karibu na soko.

"Nataka kuliongezea gari nguvu, mzee. Nianzie wapi?"

"Anzia kwenye kusimama," Aliraza akasema. "Breki kwanza, halafu tairi. Badilisha oili, plagi, filta ya hewa. Gari likishapumua vizuri ndipo uulize habari za mbio."

"Na kulishusha chini?"

Aliraza akavua miwani. "Hilo liache. Ni gari lako la kila siku, Mudrik. Litengeneze kwa njia zako za kila siku."

Sikio la kufa halisikii dawa. Breki alifunga mpya, plagi akabadilisha, filta akaweka ile ya wazi, na fundi wa kuchomelea akamfungia ekzosi pana. Mpaka hapo hakuna wa kumcheka. Kigari kiliamka kweli; ukikikanyaga kinajibu. Lakini kwenye simu Mudrik alikuwa ameyaona magari ya Dar es Salaam yaliyolala chini kwa maringo, na roho haikutulia. Akang'oa springi zote nne akazikata kwa grinda, mizunguko miwili kila moja. Kwa wiki mbili gari likakaa juu ya mawe likisubiri rimu mpya alizoagiza zije na boti kutoka Nyamisati, na Ijumaa hizo mbili akaenda Ndagoni kwa bodaboda.

Siku ya thelathini na tisa akalijaribu kwenye lami, Kilindoni hadi Utende na kurudi. Lilishika kona kama limepakwa gundi. Mudrik alicheka peke yake, akageukia kiti cha pembeni akasema, "Unaona?" Kiti kilikuwa kitupu. Njia ya Ndagoni haina lami, na hilo alilijua tangu utotoni. Lakini hamu humwonyesha mtu nyumba anayokwenda ikamficha njia.

Siku ya arobaini iliangukia tarehe thelathini ya mfunguo nne. Magharibi ikiingia, umeingia mfunguo tano, yaani Safar, na mwezi huo kwa wazee wa akina Umi ni wa kutulia: hakuna harusi, hakuna kuhama, wala mzazi hatolewi kwao na mtoto mchanga. Bi Mize alilisema wazi kwenye simu.

"Njoo alasiri, jua likipoa. Ukichelewa ukakuta magharibi imeingia, mwanangu, mkeo utamchukua mwezi ukiisha."

Mudrik aliswali alasiri akaondoka. Nyumba za mwanzo za Ndagoni zilikuwa zimeshaonekana kati ya minazi pale mchanga ulipozidi. Tumbo la gari likakaa chini, kwanza kidogo, kisha lote, na tairi zikazunguka bure. Akakanyaga mafuta, ekzosi ikanguruma, gari likazidi kuzama. Akachimba kwa mikono, akatandika makuti chini ya tairi. Jeki nayo ikadidimia.

Bi Chiku, jirani wa Bi Mize, akapita na mzigo wa kuni kichwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Liache hilo, baba. Kwa miguu ni robo saa tu. Kamtoe mkeo kabla ya adhana, mje mlale hata kwangu. Mradi awe ametoka kwao."

"Naja, bibi. Dakika mbili tu."

Kwa siku arobaini alikuwa amemwona akilini Umi akipanda gari hili, na hakutaka kumwona akikokota miguu mchangani na mtoto begani. Akaendelea kuchimba. Dakika mbili za Mudrik zilikula saa nzima, na adhana ya magharibi ikamkuta amelala kifudifudi chini ya bampa. Hapo ndipo alipokimbia.

Umi alikuwa barazani, amevaa baibui, amempakata Biubwa, begi miguuni. Bi Mize alisimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwezi umeingia, mwanangu." Hakuwa mkali, na Mudrik alitamani angekuwa mkali.

"Nilikuwa hapo tu, nyuma ya minazi."

"Nilikusikia," Umi akasema. "Saa nzima nakusikia. Kila ulipokanyaga mafuta nilisimama. Bi Chiku alipokuja kusema umekwama nikataka nije mwenyewe, mama akaniambia mzazi hatoki mpaka mumewe aje mlangoni amwombe."

Mudrik alitaka kumwambia kwamba kila nati aliyoikaza aliikaza kwa kumtamani yeye. Ilikuwa kweli, na haikufaa kitu.

Umi akampa mtoto. Akapiga magoti, akafungua zipu ya begi, akatoa nepi, akatoa poda, akatoa kofia ya sufu na kanga mbili, akavipanga juu ya mkeka. Mudrik akasimama na binti yake mikononi, mchanga ukimdondoka kwenye mikono ya shati, akamtazama mkewe mpaka begi likawa tupu.