Mistari Miwili ya Wiebke

Katika vijiji vile vya mashamba ya kabichi, kaskazini mwa Ujerumani, hakuna aliyeijua bendi ya Donnerkrone kama Wiebke Carstens, mgawa barua. Alikuwa amehudhuria maonyesho yake mara mia moja arobaini na tatu. Kizibao chake cha jinzi kilijaa viraka vya bendi hata jinzi yenyewe haikuonekana, na mumewe, Detlef, alipenda kusema kwamba siku akikivua, kitasimama chenyewe.

Muziki wa Donnerkrone ni wa metali, ule wa magitaa yanayokimbia kama farasi walioona moto, na mwimbaji anayepanda juu mpaka shingo inavimba, akisimulia majoka, panga na wafalme waliofukuzwa. Wapo waliomcheka Wiebke. Aliwaacha wacheke. Mwanamke anayepigwa na mvua ya baharini juu ya baiskeli siku sita kwa wiki, akiomba joka moja tu, si makubwa.

Jumanne moja ya mwezi wa Julai simu yake ililia. Alikuwa Harro Thiessen, mwimbaji mwenyewe.

"Wiebke, tuokoe bwana! Jumamosi tunatimiza miaka arobaini, na tumemwahidi Uwe tutaupiga *Mnara wa Saba*."

Uwe ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wao wa kwanza, na ndiye aliyeutunga wimbo huo, kabla hajaacha bendi akalime kabichi za baba yake. Wimbo haukuwahi kutoka kwenye santuri. Ulikuwamo kwenye kaseti moja tu ya zamani, iliyouzwa nakala hamsini.

"Sasa shida iko wapi?" Wiebke aliuliza.

"Maneno! Mimi sikumbuki hata neno. Uwe naye anasema kichwani kwake zimebaki ngoma tu. Lakini wewe unayo yote, si ndiyo?"

"Yote," alijibu Wiebke, na hapo hapo akajuta.

Maana hakuwa nayo yote. Kaseti alikuwa nayo, aliinunua akiwa na miaka kumi na tisa. Lakini katika ubeti wa tatu palikuwa na mistari miwili ambayo hakupata kuisikia vizuri maisha yake yote. Alikuwa ameisikiliza kwa spika kubwa, kwa spika ndogo, sikio likiwa limebanwa kwenye redio. Alipata mvumo, na Harro akilia kama mtu aliyekanyagwa kidole.

Aliwapigia mashabiki wenzake watatu wa tangu enzi hizo. Wote walimpa jibu lile lile: "Kama wewe hujui, nani ajue?"

Siku ya Jumatano aligawa barua huku akinung'unika, hata akatia magazeti ya kasisi kwenye sanduku la fundi bomba. Upepo ulikuwa wa mbisho, mkali, ukimpiga usoni, naye kakiinamisha kichwa. Ndipo maneno yakaanza kumjia yenyewe, yakienda na pedali. Alisimama kando ya mfereji, akayaandika nyuma ya bahasha tupu. Jioni binti yake, Inken, alimsaidia kuyageuza Kiingereza, kwa kuwa bendi iliimba kwa lugha hiyo:

*Upepo wanipiga uso, barua ya mfalme i kifuani,*
*sitashuka farasini mpaka mlango ufunguliwe.*

"Mama, hii ni yao au ni yako?" Inken aliuliza, akimtazama kwa jicho la pembeni.

"Andika tu, mwanangu." Usiku huo huo maneno yote yakatumwa kwa Harro.

Jumamosi alasiri uwanja ulijaa. Uwe, kipara kinang'aa kwa jasho, aliketi nyuma ya ngoma kwa wimbo huo mmoja. Wiebke alikuwa safu ya mbele, kashika kizuizi kwa mikono miwili, na Detlef ubavuni mwake na pamba masikioni. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili. Ulipofika wa tatu, alifumba macho. Harro aliinua mkono, akaiimba ile mistari miwili kwa sauti ya juu kabisa, akaishikilia pale mwishoni hata watu wakapiga mayowe. Waliporudia kiitikio, nusu ya uwanja ilikuwa ikiimba.

"Unalia?" Detlef alimpigia kelele sikioni.

"Jasho hili!"

Baadaye, kwenye hema la soseji, Uwe alimjia moja kwa moja, Harro akimfuata na soseji mkononi. "Wewe bibi, ile barua ya mfalme umeitoa wapi?"

Wiebke aliwiva uso kama nyanya. Akaona heri aseme. "Nisamehe, Uwe. Kaseti haisikiki pale. Nimeitunga mimi, juu ya baiskeli. Niliona haya kukiri kwamba sijui. Maneno yako yalikuwa yapi?"

Uwe alimtazama Harro. Harro aliitazama soseji yake.

"Hayakuwapo," Uwe alisema. "Maneno nimesahau, lakini hili nalikumbuka: nilipeleka ubeti haujaisha. Huyu mwehu akasema ataujaza siku ya kurekodi, halafu siku yenyewe akapiga ukelele wa bure mpaka gitaa likaingia!"

"Bia zilikuwa nyingi," Harro alinong'ona.

Miaka yote ile, sikio kwenye redio, akitafuta kisichokuwapo! Kicheko kikampanda Wiebke kutoka tumboni, kikamshinda, akamshika Uwe begani asianguke, na Uwe naye akacheka mpaka haradali ikamchuruzika kidevuni.

Mwezi wa Novemba bendi iliurekodi wimbo huo, jina la Wiebke likaandikwa kando ya la Uwe. Walimwalika aimbe kwenye kiitikio pamoja na wengine. Fundi wa sauti alimsogeza hatua moja nyuma, kisha tatu, mwishowe akamweka mlangoni, kwa jinsi alivyokuwa akipaza sauti. Hata hivyo anasikika, na Detlef, asiyependa metali, huurudisha wimbo pale pale inapopenya sauti ya mkewe, kila akiosha vyombo.